Uzamili Nje au Law School Kwanza? Nilichowaambia Wahitimu Wetu



Nimepewa robo saa niongelee kusoma baada ya digrii ya kwanza. Mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa nne, kwa hiyo nitaongea sheria. Mliosoma ualimu na uhasibu chukueni kitakachowafaa.

Kila wiki kuna mtu ananitumia tangazo la ufadhili WhatsApp: "Dada, hii yako kabisa." Nafungua. Majengo mazuri, vijana wamekaa kwenye nyasi wanacheka. Sawa. Ila swali langu huwa ni moja tu: nikimaliza hii, kesho yake asubuhi nitaruhusiwa kufanya kazi gani ambayo leo siruhusiwi?

Maana jamani, digrii ya sheria haikufanyi kuwa wakili. Na uzamili wa sheria, hata ukiusoma chuo kikubwa namna gani huko Ulaya, nao haukufanyi kuwa wakili. Kwa Tanzania Bara mlango ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wote tunaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ukifaulu pale ndipo unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu uapishwe. Wengi mnajua Tundu Lissu alisoma uzamili Warwick, Uingereza. Ni kweli. Lakini miaka yote ile aliyotetea watu mahakamani hakusimama kwa cheti cha Warwick. Alisimama kwa sababu ni wakili.

Sasa fikirieni kata yenu. Kijana amekamatwa Ijumaa jioni, mama yake anakupigia simu kwa sababu anajua "wewe umesoma sheria". Utafika kituoni, utamfariji mama, utampelekea kijana chakula. Jumatatu akifikishwa mbele ya hakimu, wewe unakaa kwenye benchi la nyuma na wasikilizaji wengine. Uzamili wako wa haki za binadamu unao mkononi, na dhamana anaiomba mwingine. Mimi hilo benchi nimelikalia zaidi ya mara moja, na ndilo lililoniamulia.

Najua mtaniambia Law School inaogopesha. Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kwa hiyo hofu yenu haijatoka hewani. Halafu kuna ada, na kuna gharama za kuishi Dar es Salaam. Mtu akiniambia anaenda nje kwanza kwa sababu huko analipiwa kila kitu na hapa hana hata nauli, siwezi kumcheka. Huyo amepiga hesabu yake. Ninayemshangaa ni anayekimbilia nje kwa sababu ya jina la chuo tu, halafu akirudi anaanza kuuliza kwa nini haapishwi.

Na hizo za nje someni masharti mpaka chini. Chevening ya Uingereza inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wao wanahesabu saa 2,800. Uliyemaliza chuo jana hujafika. Lakini saa za kujitolea na za mafunzo kazini zinahesabika, hata kama hukulipwa, kwa hiyo anza leo kutunza barua zinazoonyesha ulifanya nini na lini. Wanakutaka pia uchague kozi tatu, na ukimaliza urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Kwa mtu wa siasa za hapa hilo sharti la mwisho wala si mzigo.

Afrika pia kuna vyuo, tusijidharau. Chuo Kikuu cha Pretoria, kupitia Kituo chake cha Haki za Binadamu, kina uzamili wa mwaka mmoja wa haki za binadamu na demokrasia barani Afrika. Unasoma pamoja na wanasheria kutoka nchi nyingi za bara hili, kisha nusu ya pili unapelekwa chuo kingine mshirika. Hapa hapa Mlimani kuna kituo cha Watanzania na Wajerumani, kilichoanza 2008 kwa ushirikiano na Bayreuth, kinachofundisha sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mnaotaka siku moja kupeleka mashauri Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, mkiangalie hicho kabla ya kupanda ndege.

Mimi naanza na Law School. Pretoria itafuata, Mungu akipenda, nikiwa tayari nimeshika kesi kadhaa. Mtu wa utafiti au ualimu wa chuo apange kinyume chake, na atakuwa sahihi.

Kuna aliyeniuliza asubuhi kama kwenye barua ya kujieleza afiche kwamba ni mwanachama. Jibu langu: andika kazi, usiandike kaulimbiu. Mimi kwenye rasimu ya barua yangu nimeandika kwamba nilikuwa wakala kituoni kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, Novemba 2024, na nikaeleza nilichojifunza pale kuhusu ushahidi: ukitoka kituoni bila karatasi yenye saini, unachobaki nacho ni maneno matupu. Anayesoma maombi ataona mwanasheria. Ukimwandikia kurasa mbili za hotuba ya jukwaani, ataona hotuba.

Barua za mapendekezo ombeni mapema, kwa mhadhiri aliyesahihisha kazi zako na anayekujua, hata kama hana cheo. Na kozi yoyote ya nje, hasa hizi za mtandaoni, ulizeni TCU kama wanaitambua kabla hamjatuma hata shilingi.

Nimeona Mwenyekiti anaangalia saa. Walio na rasimu za barua zao, tukutane pale chini ya mwembe baada ya chakula. Leteni na kalamu nyekundu, yangu imeisha wino.