Kuchagua Spika Zisizochosha Masikio



Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu ununuzi wa spika za kusikilizia muziki nyumbani. Huenda baadhi yenu wakaliona jambo hili kuwa dogo likilinganishwa na bei ya unga au ubora wa dawa. Hata hivyo, mlaji anayenunua seti ya muziki mara nyingi hutoa akiba ya miezi mingi kwa siku moja, naye hununua kitu ambacho hawezi kukipima kwa macho wala kwa mizani. Hapo ndipo hasara inapojificha.

Chukulieni mfano wa mwalimu mstaafu. Ametenga sehemu ya kiinua mgongo chake anunue spika mbili, ili jioni akae sebuleni asikilize taarabu aliyoizoea tangu ujana wake. Dukani spika zinasikika safi na kali. Kila uzi wa ganuni unajitenga na mwenziwe. Anazichukua. Siku ya kwanza nyumbani anafurahi. Wiki ya pili anagundua kwamba kila baada ya nusu saa anainuka kupunguza sauti, na ikitimia saa moja anazima kabisa. Spika hazijaharibika, na muuzaji hakumdanganya kwa neno lolote. Ila masikio ya mwalimu yamechoka, na fedha imekwenda.

Jambo ninalotaka mwondoke nalo leo ni hili: sauti inayochosha ni nadra kutoka katika spika peke yake. Mara nyingi hutokana na kutoafikiana kwa vitu vitatu, yaani spika, amplifaya na chumba. Anayenunua kimoja bila kuvifikiria viwili vilivyobaki anacheza bahati nasibu.

Kwa nini sauti huchosha

Sikio la kijana mwenye afya husikia masafa kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000, lakini haliyasikii yote kwa usawa. Hunasa kwa wepesi zaidi sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000. Humo ndimo kilio cha mtoto mchanga kinamopata ukali wake. Spika iliyozidishwa kidogo katika eneo hilo humvutia msikilizaji kwa dakika za mwanzo, kwa kuwa kila kitu huonekana kuwa wazi. Baada ya saa moja uwazi uleule hugeuka kero.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba spika nyororo ni ile iliyofifisha sauti nyembamba. Fidla ikipoteza pumzi zake, na maneno ya mwimbaji yakasikika kama yametoka chini ya blanketi, huo si unyororo, ni upungufu. Spika nyororo ni ile ambayo sauti zake nyembamba hazizidi za kati, sauti zake za kati zimejaa, na haiongezi mikwaruzo yake yenyewe juu ya muziki.

Mfano mashuhuri ni spika ndogo iitwayo LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikusudiwa kutumiwa ndani ya magari ya kurushia matangazo, mahali penye nafasi finyu, ambapo fundi husikiliza sauti za watu kwa saa nyingi mfululizo. Urefu wake ni kama sentimita 30 tu. Haitikisi sakafu, wala haikutengenezwa kwa ajili ya ukumbi. Lakini kwa kuwa ilibuniwa kwa kukifikiria chumba chake na kazi yake, wasikilizaji wengi wa nyumbani waliipenda, na bado inatafutwa. Funzo lake kwetu si kwamba kila mtu ainunue hiyo. Funzo ni kuuliza kwanza: spika hii ilikusudiwa chumba cha namna gani?

Chumba chako

Nyumba zetu nyingi za mjini zina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae, madirisha mapana ya vioo na dari ngumu. Vitu hivyo vyote hurudisha sauti badala ya kuimeza. Kwa hiyo sauti nyembamba humfikia msikilizaji mara ya kwanza kutoka katika spika, kisha mara nyingine na nyingine kutoka ukutani, sakafuni na darini. Spika iliyokuwa tulivu katika duka lililojaa makochi na mazulia inaweza kuwa kali katika sebule ya namna hiyo.

Kipimo chake hakihitaji gharama. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja la nguvu, usikilize. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka baada ya kofi, chumba chako kinahitaji kitambaa kabla hakijahitaji spika mpya. Zulia nene mbele ya spika, mapazia mazito, makochi ya kitambaa na rafu iliyojaa vitabu hupunguza ukali kuliko wengi wanavyodhani.

Sauti nzito nazo zina tabia yake. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvimbisha sauti ya takriban hezi 43, kwa sababu nusu ya wimbi hilo hutosha barabara kati ya kuta mbili. Chumba cha mraba ni kigumu zaidi, maana urefu na upana huvimbisha sauti ileile. Ukiweka spika kubwa katika chumba kidogo, ngoma zote huungana kuwa ngurumo moja, na ngurumo nayo huchosha. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, spika ndogo ya kuwekwa juu ya stendi mara nyingi hutosha.

Namna ya kuziweka nayo ina uzito. Spika iliyosogezwa ukutani au pembeni mwa chumba huongeza sauti nzito. Iliyovutwa mbele huipunguza. Anza na nusu mita kutoka ukutani, kisha sogeza kidogo kidogo huku ukisikiliza. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo mafundi huiita twita, iwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Kama sauti bado ni kali, usizielekeze spika usoni pako moja kwa moja. Zigeuze kidogo zitazame mbele. Mara nyingi geuzo hilo dogo hupunguza ukali bila kugharimu shilingi.

Amplifaya yako

Debe tupu haliachi kuvuma. Maboksi mengi huandikwa maelfu ya wati kwa herufi kubwa, na kando yake huandikwa PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubalika, na hakimwambii mlaji nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa mfululizo. Tafuteni namba iliyoandikwa RMS, pamoja na idadi ya omu ambazo kipimo kilifanyiwa. Muuzaji asipoweza kuwaonyesha namba hiyo katika kitabu cha maelezo, msiihesabu ile kubwa kuwa kitu.

Kisha tazameni unyeti wa spika, unaoandikwa kwa desibeli. Huonyesha spika itatoa sauti kubwa kiasi gani kwa umbali wa mita 1 ikipewa takriban wati 1. Kila nyongeza ya desibeli 3 hutaka nguvu maradufu. Kwa hiyo spika yenye desibeli 84 huhitaji wati 80 ili ifikie sauti ambayo spika yenye desibeli 90 huifikia kwa wati 20. Mwenye amplifaya ndogo anayependa spika ya unyeti mdogo ajue kwamba ataibana amplifaya yake.

Amplifaya iliyobanwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Mkato huo huzaa sauti nyembamba ambazo hazimo katika wimbo, zenye ukwaruzo unaochosha upesi, na unaweza kuunguza twita. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha spika mara mbili na asipone: ugonjwa wake uko kwenye amplifaya.

La tatu ni omu. Spika za nyumbani huwa na omu 4, 6 au 8. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo spika inavyovuta mkondo mkubwa zaidi wa umeme. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba katika tundu moja huwa kama spika moja ya omu 4. Someni nyuma ya amplifaya: ikiwa imeandikwa omu 8 na kuendelea, msiipe spika ya omu 4, kwani itachemka, na sauti itaharibika kabla haijaungua.

Wanaonunua amplifaya zilizokwisha kutumika nje ya nchi watazame pia volti. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na cha Marekani volti 120. Kukichomeka bila transfoma inayofaa ni kukiunguza siku hiyohiyo.

Siku ya kununua

Nendeni na nyimbo zenu wenyewe, tatu au nne mnazozijua mstari kwa mstari: mmoja wenye sauti ya mwimbaji peke yake, mmoja wenye fidla au nai, na mmoja wenye ngoma nzito. Ombeni spika mnazozilinganisha zipigwe kwa kiwango kimoja cha sauti. Sikio hudanganyika kwa urahisi. Ile inayolia kwa nguvu kidogo zaidi huonekana bora hata kama si bora. Sikilizeni kwa kiwango mnachokitumia nyumbani, kwa muda usiopungua nusu saa. Kama muuzaji ana haraka, rudini siku nyingine.

Lililo bora zaidi ni kuzijaribu nyumbani. Baadhi ya wauzaji hukubali mteja arudishe spika baada ya siku chache zikiwa salama. Ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti, pamoja na jina kamili la modeli, muda wa dhamana na mahali pa matengenezo. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha mgogoro ukizuka.

Kwa spika zilizotumika, tazameni pete laini inayozunguka koni ya sauti nzito. Ikiwa ni ya sponji, huoza kwa miaka, na joto na unyevu wa pwani huharakisha kuoza huko. Iguseni taratibu kwa kidole. Ikimomonyoka, gharama ya fundi iondolewe kwenye bei.

Waya nao usiwatishe. Kwa mita chache, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hadi 2.5 hutosha kwa nyumba nyingi. Fedha ya waya wa anasa inunue zulia.

Neno moja kuhusu afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, punguzeni sauti. Yakiendelea kuvuma, muoneni daktari. Hata spika nyororo huumiza ikipigwa kupita kiasi.

Turudi kwa mwalimu wetu. Kabla hajaziuza spika zake kwa nusu ya bei, apige kofi sebuleni. Atandike zulia, ashushe mapazia, azigeuze spika kidogo, kisha asome yaliyoandikwa nyuma ya amplifaya. Huenda akagundua kwamba alichokihitaji kilikuwa kitambaa na saa moja ya subira. Na ikiwa kweli spika ndizo zenye ukali, safari hii atakwenda dukani akiwa na vipimo vya chumba chake, namba za amplifaya yake na nyimbo zake mkononi. Mlaji wa namna hiyo hauziwi, ananunua.