Uvimbe wa Kope Unaofanana na Saratani

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, wazee wenzangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mliokaa nyuma,

Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya udaktari wa ngozi. Nitasema juu ya kope tu.

Kope likivimba, watu husema ni chokea, na mara nyingi husema kweli. Chokea huuma, hutunga usaha, kisha huisha. Lakini uko uvimbe mwingine, adimu, usiouma: kinundu chekundu au cha zambarau kinachokaa miezi. Ndani yake zimejaa limfositi, seli nyeupe za damu, askari wetu wa mwilini. Saratani iitwayo limfoma nayo hujaza askari hao hao. Ndiyo maana uvimbe huu huitwa limfoma bandia.

Mama mmoja alinijia na barua iliyotaja saratani. Alikuwa amekwisha kumkabidhi dada yake watoto. Nilikata kipande kidogo cha kope, kidogo kuliko punje ya mchele, kikaenda kwenye hadubini. Limfoma kwa kawaida ni ukoo wa seli moja iliyoasi, zote sura moja. Bandia ni mchanganyiko, kama bweni letu la zamani lililokuwa na watu wa kila mkoa. Cha mama kilikuwa bweni.

Chanzo huweza kuwa kuumwa na mdudu, chale za wino, chanjo, au dawa kama fenitoini ya kifafa (msiiache bila daktari!). Mara nyingi hakijulikani, na kwake hakikujulikana. Uvimbe ulinywea kwa dawa. Hata hivyo namwita kila miezi sita, maana mara chache limfoma ya kweli hujitokeza baadaye. Hulalamikia nauli, lakini huja.

Msinielewe kwamba kila uvimbe usubiriwe. Mwaka 1957, Mulago, Kampala, Daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya, akaandika habari zake mwaka 1958. Hiyo ni limfoma ya kweli. Hukua upesi mno, huweza kusukuma jicho nje, nayo hutibika vizuri ikiwahiwa. Kwa macho matupu hata mimi siwezi kuapa ni ipi. Anayejua ni msomaji wa hadubini, na hao ni wachache. Kijana apendaye biolojia anione baada ya chakula, pale chini ya mwembe.