Rangi Isifiche Kutu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya kutunza vyombo)

Leo nimeombwa niongee juu ya mashine ya kukata nyasi. Naona wengine mnacheka: "Sisi tuna slasha na ng'ombe, mashine ya nini?" Lakini vikundi kadhaa hapa vimenunua mashine hiyo, nyingi zikiwa za mitumba, ili vikate nyasi za shule na zahanati kwa malipo. Hiyo ni mali ya kikundi. Tena mengi nitakayosema yanafaa pia kwa wilbaro na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja cha vijana nilichokuwa nikikitembelea kilikuwa na mashine iliyochakaa. Siku moja nikaikuta inang'aa, nyekundu kama nyanya. Niliwapongeza mbele ya watu, wala sikuinama kuangalia chini yake. Kumbe tundu la kutu lilikuwa limezibwa kwa gundi na karatasi, kisha likapakwa rangi. Baada ya wiki chache jiwe lilirushwa na kisu, likapenya pale pale, likampiga kijana mguuni. Alishonwa, akakaa nyumbani mwezi mzima bila kazi. Pesa za kikundi ziliishia kwa matibabu. Tangu siku hiyo nikiona rangi mpya nauliza: chini yake kuna nini?

Kutu hutoka wapi? Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Nyasi mbichi zikiganda chini ya bodi hukaa na maji siku nyingi. Ndiyo maana bodi huoza kutoka chini huku juu bado inapendeza. Ukipaka rangi juu ya kutu, kutu inaendelea kula polepole, na rangi inabanduka yenyewe.

Sasa tuingie kazini.

Kwanza, usalama. Mashine ikiwa imepoa, toa ule waya wa plagi. Waya ukiwa umetoka, injini haiwezi kuwaka hata ukizungusha kisu kwa mkono. Mwaga petroli yote ndani ya mtungi wenye kifuniko. Ukiilaza mashine, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu, ili oili isiingie huko. Fanyeni kazi nje, mbali na jiko na sigara. Na tafadhali, msioshe kwa petroli. Mvuke wake hushika moto ghafla.

Pili, kukagua. Kwangua nyasi, osha kwa sabuni, kausha. Halafu chukua bisibisi uchokoe mahali penye kutu. Ikiwa inatoboka, au kuna ufa pale injini inapofungwa, weka rangi kando. Peleka kwa fundi wa kuchomelea, na injini na tangi vitolewe kwanza. Kama bodi imeoza kote, basi, itupwe.

Tatu, kutoa kutu. Anza na brashi ya waya, halafu msasa mkali namba 80, umalizie na ulio laini kidogo, namba 220. Jihadhari: rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, na hiyo ni sumu, hasa kwa watoto. Sugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, vaa barakoa, na watoto wakae mbali. Mabaki yakusanywe, yasiachwe uani kuku wakadonoa.

Nne, rangi ya chuma. Kausha vizuri, futa kwa tambara lenye tina, kisha paka praima ya chuma, ile nyekundu ya red oksaidi. Paka siku hiyo hiyo, maana chuma kilichoachwa wazi huanza kutu upesi. Praima ikikauka, paka rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba. Ukipaka mara moja nzito itachuruzika, na ndani haitakauka vizuri. Saa za kusubiri soma kwenye mkebe. Siku ya mvua usipake.

Tano, plastiki. Kifuniko cha injini kilichopauka kwa jua chaweza kupakwa. Kioshe kwa sabuni, kikwaruze kidogo kwa msasa namba 400, kifute kwa spiriti. Usitumie tina hapa, kwa sababu huyeyusha plastiki nyingine. Tumia praima ya plastiki, au spreya iliyoandikwa kwamba inafaa plastiki. Magurudumu na tangi la plastiki, acheni. Plastiki ile ni ya utelezi, rangi haishiki, tena ukipaka tangi hutaona petroli imebaki kiasi gani.

Sita, visivyopakwa. Usipake mapezi ya kupozea injini, plagi, chujio la hewa, kile kitundu cha kifuniko cha tangi, wala makali ya kisu. Silensa inataka rangi yake ya kustahimili moto. Ya kawaida huungua na kutoa moshi. Maandishi ya onyo yafunikwe kwa karatasi na utepe kabla ya kupaka, ili anayekuja baadaye ayasome.

Jambo la mwisho linahusu uaminifu. Kuna watu wanaopaka rangi ili wauze ubovu. Kikundi kikinunua mashine, mtu apige magoti na kuangalia chini kabla mweka hazina hajahesabu noti. Nanyi mkiuza yenu, mwambieni mnunuzi ukweli. Jiwe halichagui mguu wa nani.

Na msingoje iharibike ndipo mchange pesa. Kila mkilipwa, wekeni kidogo kwa ajili ya mashine, mkaandike kwenye daftari. Kila mkimaliza kukata, ng'oeni waya wa plagi, kwangueni nyasi, anikeni. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na inazuia kutu kuliko rangi yoyote ya dukani.

Yule kijana alipona. Siku hizi mashine ya kikundi chake haitoki stoo mpaka yeye ameikagua. Nanyi mkirudi nyumbani, kubalianeni nani kwenu atafanya kazi hiyo.

Sasa maswali.