Ua Moja Ukutani



Nabii Yeremia, katika sura ya 18 ya kitabu chake, aliagizwa ashuke mpaka nyumbani kwa mfinyanzi, na huko ndiko angesikia neno la Mungu. Tutafakari jambo hili. Mungu hakumngojea nabii wake hekaluni, penye ubani na nyimbo. Alimtuma karakanani, penye matope na moshi, amtazame mtu mwenye mikono michafu akifanya kazi yake ya kila siku. Leo nami nawaalika tushuke kwa mfinyanzi. Yeye hafinyangi chungu wala mtungi, anafinyanga ua.

Katika miji mingi ya Japani, ya Ulaya na ya Marekani wako watu wanaopenda kupanga nyumba zao kwa namna ya Kijapani. Sebule yenyewe ina vitu vichache: meza fupi ya mbao, mkeka, taa yenye mwanga mpole, na kuta zenye rangi ya udongo au ya mchanga. Kisha, juu ya ukuta mmoja, huangikwa ua la kauri lililotengenezwa kwa mkono, nalo ni moja tu, au matatu yaliyoachana. Mwenye haraka atauliza, Je, mapambo ya matajiri wa mbali yana habari gani na Injili? Ndugu zangu, tusiwe wepesi kupita. Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wayatazame maua ya kondeni.

Tuanze na kazi yenyewe. Mfinyanzi huukanda udongo mpaka hewa yote itoke ndani yake. Huchukua donge dogo, hulibana kati ya kidole gumba na cha shahada, hata likawa jembamba kama ukingo wa petali. Hufanya hivyo tena na tena, petali baada ya petali, na hakuna mbili zinazolingana kabisa. Huziunganisha kwa uji wa udongo uleule, kwa maana hakuna gundi ishikayo udongo mbichi vizuri kuliko udongo wenyewe. Wazee wetu walisema, udongo uwahi ungali maji. Naye hana budi kuwahi, kwa kuwa petali iliyokwisha kukauka haikubali tena kupindwa.

Baada ya hayo yeye ambaye alikuwa na haraka hulazimika kuwa na subira. Ua hufunikwa ili likauke polepole, maana kingo nyembamba zikitangulia kukauka kabla ya kitovu, ua hupasuka. Likiingizwa tanurini lingali na unyevu ndani, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hulivunja vipande vipande. Moto wa kwanza hufika kama nyuzi 900 za sentigredi. Kisha ua huchovywa katika maji yaliyochanganywa na unga wa mawe na majivu, hurudishwa motoni, na kwa udongo mgumu moto huo wa pili hupita nyuzi 1,200. Hapo unga ule huyeyuka na kulivika ua vazi mfano wa kioo. Litokapo tanurini limepungua ukubwa, pengine kwa sehemu moja katika kumi au zaidi. Limepata ugumu na mng'ao, lakini limekuwa dogo kuliko lilivyoingia.

Sasa tuulizane: desturi hii ya kuweka ua moja mahali patupu imetoka wapi? Katika nyumba za kale za Kijapani upo upenu mdogo wa ndani, kama kidaka kikubwa, uitwao tokonoma. Hapo huangikwa karatasi ndefu yenye maandishi au picha, na huwekwa ua. Mara nyingi chombo cha ua huangikwa ukutani au kwenye nguzo. Chaweza kuwa cha mwanzi au cha udongo uliochomwa. Ua la tokonoma ni ua bichi, lililochumwa siku ile, nalo hunyauka. Ua la kauri tunalolizungumza ni mjukuu wa desturi hiyo: udongo uliokuwa chombo cha kubebea ua umekuwa ua lenyewe. Lakini kanuni imebaki ileile. Ua huonekana kwa sababu ukuta uliolizunguka umeachwa wazi.

Aliyewafundisha Wajapani kanuni hii kuliko wengine wote ni Sen no Rikyu, bwana wa adabu za kunywa chai, aliyezaliwa mwaka 1522 katika mji wa Sakai. Husimuliwa kwamba bustani yake ilijaa maua yachanuayo alfajiri na kunyauka kabla ya jioni, na sifa zake zikamfikia Toyotomi Hideyoshi, mkuu wa vita aliyeitiisha Japani yote. Hideyoshi akataka kwenda kuyaona. Alipofika asubuhi, bustani nzima ilikuwa imekatwa, halikubaki hata ua moja. Akaingia chumbani kwa hasira. Na tazama, ndani ya tokonoma lilikuwapo ua moja tu, zuri kupita yote, likiwa na umande wake. Mtu aliyekuja kutazama maua elfu bila kuliona hata moja, alilazimika kuliona moja.

Hideyoshi huyohuyo alikuwa na chumba chake cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu, nacho kiliweza kufunguliwa na kubebwa. Mwaka 1586 alikipeleka katika jumba la Mfalme Mkuu ili kionekane. Rikyu kwa upande wake hujulikana kwa chumba kiitwacho Tai-an, ambacho kingali kimesimama hata leo karibu na Kyoto: kuta za udongo, na sakafu ya mikeka miwili tu. Mlango wa chumba cha namna hiyo ni mfupi sana, hata mgeni huingia kwa kutambaa, na askari aliacha upanga wake nje. Mkubwa na mdogo waliinama sawasawa. Na baada ya kuinama, kitu walichokiona mbele yao ni maandishi na ua.

Wapendwa, katika vyumba hivyo vidogo aliingia pia Mkristo mmoja ambaye sisi tunapaswa kumfahamu. Jina lake ni Takayama Ukon. Alibatizwa mwaka 1564 akiwa kijana mdogo, akaitwa Justo, naye akawa mtawala wa jimbo, mwenye ngome na askari. Mapokeo yanamhesabu miongoni mwa wanafunzi saba wakuu wa Rikyu. Padre João Rodrigues, Mjesuiti aliyeishi Japani miaka ile, ameandika kuwa Ukon alizoea kujitenga katika chumba chake kidogo cha chai, akiwa ameweka humo sanamu takatifu, ili ajikabidhi kwa Mungu. Aliona kwamba chumba kitupu humsaidia mtu kuyakusanya mawazo yake na kusali. Penye nafasi ya ua moja, yeye alimpatia Bwana nafasi.

Kisha ukaja moto. Mwaka 1587 Hideyoshi alitoa amri ya kuwafukuza wamisionari, na Ukon akatakiwa aikane imani yake. Angalikubali, angalibaki na ngome, mashamba na heshima. Alikataa. Aliacha jimbo lake kama mtu aondoaye vitu ukutani kimoja kimoja, mpaka kikabaki kile asichoweza kukiondoa. Mwaka 1614, chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa, alifukuzwa katika nchi yake akiwa mzee, akapandishwa meli pamoja na jamaa yake, akafika Manila. Na mwanzoni mwa mwaka 1615 akafariki dunia huko. Tarehe 7 Februari 2017, mjini Osaka, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Alikuwa amepungua mbele ya watu kama ua la udongo lipunguavyo tanurini. Lakini mng'ao wake haukufifia kwa miaka mia nne.

Wakristo waliobaki nyuma yake walijificha. Hawakuwa na padre, kanisa wala kengele. Baadhi yao walitunza nyumbani sanamu ndogo za kauri nyeupe, nyingi zikiwa zimetoka China, zenye sura ya mama mpole waliyemheshimu Wabudha. Wao mbele yake walimkumbuka Mama Maria. Vizazi vilipita. Mwaka 1865 wachache wao walikuja katika kanisa jipya la Oura, mjini Nagasaki, wakamwambia padre kwamba moyo wao na wake ni mmoja. Hazina ile, kama Mtume Paulo anavyotufundisha katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, ilikuwa imetunzwa katika vyombo vya udongo.

Ndugu zangu, habari hizi zatudai nini sisi?

Kwanza, nisieleweke vibaya. Uko ukuta mtupu wa yule asiyekuwa na kitu, na huo si wa kusifiwa. Mama asiye na godoro la kumlaza mtoto hahitaji kuhubiriwa uzuri wa chumba kitupu; anahitaji godoro, nasi tulio na mawili tunajua la kufanya. Ninasema juu ya utupu wa kuchagua. Na huo nao una mtego wake. Mtu aweza kununua utulivu dukani kwa bei kubwa, akaangika ua moja la kauri juu ya ukuta safi, na moyo wake ukabaki soko la jioni: madeni, husuda, kelele na hesabu za nani kamzidi nani. Hideyoshi alikaa mbele ya ua lile moja. Hata hivyo mwaka 1591 alimwamuru Rikyu, mwalimu wake, ajitoe uhai. Kumbe kuliona ua si kubadilika. Chumba chaweza kuwa kitupu na mtu akabaki amejaa nafsi yake.

Basi tuzitazame nyumba zetu. Ukutani tunaweka kalenda ya mwaka huu na ya mwaka jana, picha za harusi, saa iliyosimama, na msalaba umebanwa katikati ya vyote hivyo hata jicho haliuoni tena. Ndivyo zilivyo na siku zetu. Kila saa imeangikwa kitu, na bibi aliye barazani amengoja wiki nzima apate mtu wa kumsikiliza kwa robo saa. Mtoto anakuja na swali, nasi tunamjibu bila kuinua macho. Si kwamba hatuwapendi, hatukuwaachia ukuta. Hata redio hii, mahubiri yatakapokwisha, izimeni kidogo.

Pili, tuwaheshimu wafanyao kazi kwa mikono. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamweleza mfinyanzi ameketi kazini akiliendesha gurudumu kwa miguu, na anasema kwamba pasipo watu kama hao mji haukaliki. Lile ua la kauri, mnunuzi huliona kwa dakika moja akasema ni ghali, kwa kuwa ni udongo tu. Hakuona petali zilizopasuka zikaanzwa upya, wala siku za kungoja likauke, wala kuni au umeme wa tanuri mara mbili. Vivyo hivyo kwetu: anayefuma mkeka, anayechoma vyungu, anayechonga kinyago, hukutana na mtu mwenye uwezo ambaye humpunguzia bei mpaka jasho lake lote linakuwa bure. Mkristo asione fahari kwa bei ya namna hiyo. Ukitaka kujadili bei, jadili. Lakini acha mezani chakula cha watoto wa mfinyanzi.

Tatu, ninyi mnaopita motoni leo, katika ugonjwa, katika kufukuzwa kazi, katika msiba ambao haujaisha arobaini, msidhani kuwa Mfinyanzi amewasahau tanurini. Sisemi kwamba kila moto umewashwa na Mungu. Mioto mingi huwashwa na wanadamu, kama ile iliyomfukuza Ukon. Lakini nasema kwamba hakuna moto ambao Mungu hawezi kuutumia. Ua bichi ni zuri, nalo limenyauka kabla ya jioni. Ua la udongo halikuwa na uzuri wowote lilipokuwa donge. Lilipata umbo kwa vidole, na uimara kwa moto.

Juma hili, basi, kila nyumba na ifanye jambo moja dogo. Ondoeni ukutani vitu viwili au vitatu visivyo na kazi, msalaba ubaki na nafasi yake. Na katika siku, ondoeni nusu saa moja mikononi mwa shughuli, mkampe Mungu au mtu aliyewangoja. Enyi makatekista, mkikutana na watoto, wapeni kila mmoja donge la udongo, wafinyange ua. Halafu muwaulize ni nani aliyewafinyanga wao.

Ee Bwana, uliyemfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, utuondolee yale yanayokuficha machoni petu. Utufinyange tungali laini, utulinde motoni tusipasuke, na siku ile utukute na nafasi kwa ajili yako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.