Dawa ya Macho Yafikaje Kwenye Kope?

(Mazungumzo na vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe)

Leo hatukuja na habari za kuku wala za mkopo. Tumekuja na habari ya macho, maana mwenzetu mmoja, fundi wa cherehani, nusura auze cherehani yake kwa sababu ya macho.

Yalimchoma kama yametiwa mchanga, na jioni yakimtiririka machozi. Alinunua dawa ya matone, chupa baada ya chupa. Akitia asubuhi, saa nne yawasha tena. Sisi tukamwambia, "Mama, ongeza matone." Tulikosea, na tulimpotezea pesa.

Muuguzi wa macho ndiye aliyetufungua. Kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya mstari wa nywele, mna vitundu vidogo sana. Kope ya juu ina kama 25 hadi 40, ya chini kama 20 hadi 30. Hivyo ni midomo ya tezi za mafuta. Daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, alizieleza mwaka 1666, na hadi leo zaitwa kwa jina lake. Kila ukipepesa, tezi hutoa mafuta kidogo yakatanda juu ya machozi yasikauke. Tezi zikiziba, upepo wakausha jicho, jicho lakereka, nalo lalia maji matupu yasiyokaa. Kumbe jicho kavu ndilo linalolia!

Sasa je, tone lafikaje huko? Tone moja la chupa tayari ni kubwa kuliko jicho linavyoweza kushika. Linalozidi humwagika shavuni, au hupita kwenye mfereji wa machozi hadi puani na kooni. Ndiyo sababu husikia uchungu wa dawa mdomoni. Baada ya dakika chache, nyingi imekwisha kuoshwa. Basi tone la pili papo hapo ni kumwaga pesa.

Tena mafuta yaliyoziba tezi hayapitishi dawa ya majimaji. Mwajua mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa wakati wa baridi ya kusi. Hakuna anayeyamwagia maji baridi! Twaweka chupa juani. Kope nazo ni vivyo hivyo. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto unayoyavumilia, yapime kwanza kwa mkono, ukamue, uweke juu ya macho uliyoyafumba kwa dakika 5 hadi 10, ukichovya tena kila kinapopoa. Kisha sugua polepole kwa kidole safi, kope ya juu ukishuka, ya chini ukipanda, kuelekea kwenye nywele. Futa ukingo. Hapo ndipo dawa utie. Kila mtu na kitambaa chake, tafadhali.

Daktari akikupa marhamu, upake ukingoni wakati wa kulala. Marhamu hukaa kuliko maji. Iko dawa iitwayo azithromaisini, ile ile itumikayo kwa trakoma kule Turkana, ambayo huingia katika nyama ya kope na kukaa humo siku kadhaa. Nyingine, doksisaiklini, humezwa, ikafika kwenye tezi kwa njia ya damu; lakini mama mjamzito asiiguse, wala mtoto mdogo. Hizi zote ni za kuandikiwa na daktari.

Jihadharini na matone yenye steroidi ambayo watu huazimana. Jicho latulia haraka, mtu afurahi, kumbe presha ya jicho yapanda na kuona kwapotea pole pole. Na jicho likiuma sana au likiona ukungu, usingoje kitambaa wala jirani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenzetu alifanya hivyo asubuhi na jioni, na ilichukua wiki kadhaa. Bado anashona, na kitambaa bado anakichovya, kwa maana akiacha yarudi.

Mkutano ujao kila mmoja aje na chupa ya matone aliyo nayo nyumbani. Tutasoma tarehe pamoja, na ile iliyofunguliwa zaidi ya mwezi mmoja tutaitupa.