Idara ya Tiba ya Viungo Kamina: Nani Anaingia, Nani Anatoka

Tiba ya viungo ni tawi la uganga linalomrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea, kushika, kumeza, kusema na kujihudumia baada ya ugonjwa au ajali. Vifaa vyake vingi si vya kustaajabisha: kitanda kigumu, mkeka, kioo, vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea, magongo, mifuko ya mchanga ya kufanyia mazoezi. Kinachotibu hasa ni mikono na macho ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Ndiyo maana habari za watumishi katika idara hii zina uzito wa pekee. Hospitali ikiishiwa na dawa fulani, mgonjwa ataandikiwa nyingine. Lakini mtaalamu wa viungo akihamishwa bila mwingine kushika nafasi yake, matibabu yenyewe husimama, hata kama chumba kiko wazi na vyuma vinang'aa.

Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015. Ni mji wa njia panda ya reli: njia moja inashuka Lubumbashi, nyingine inapanda kuelekea Ilebo, na ya tatu inakwenda Kabalo hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Jimbo lina zona za afya 16, kuanzia Kamina na Baka penye kambi kubwa ya jeshi, hadi Malemba, Mukanga na Kinkondja upande wa mto Lualaba na maziwa yake. Kwa mtu wa Mulongo au Butumba, kufika Kamina huweza kuwa safari ya siku kadhaa, na mgonjwa wa viungo ndiye asiyeweza safari. Hilo peke yake linaeleza kwa nini idara moja mjini, hata ikijaa wataalamu, haitoshi jimbo zima.

Wanaohitaji huduma hiyo ni wa namna nyingi. Wapo waliopigwa na kiharusi, ambao wiki za kwanza kwao ni za thamani kuliko miezi inayofuata. Mkono uliolegea ukivutwa ovyo wakati wa kumwinua mgonjwa, bega huteguka, na maumivu yake humkatisha tamaa ya mazoezi. Wapo waliovunjika kwa pikipiki, kwa kuanguka kutoka kwenye mwembe, au kwa ajali za reli kama ile ya Aprili 2014, treni ya mizigo iliyojaa abiria ilipoacha reli karibu na Katongola, makumi ya watu wakafa na wengi wakaumia. Wengine huanzia kwa fundi wa kuunga mifupa. Fundi hodari yupo, na haifai kumdharau. Hatari ni vijiti vilivyofungwa kwa kukazwa mno, damu ikashindwa kupita, na vidole vikabaki vimejikunja au mkono ukalazimika kukatwa. Wapo pia wenye ukoma, ambao ganzi ya nyayo huwaletea vidonda wasivyovisikia. Hao hufundishwa kukagua miguu yao kila jioni na kutafutiwa viatu vya ndani laini.

Watoto wanastahili maelezo marefu zaidi. Kuna mtindio wa ubongo unaofuata uzazi mgumu au malaria ya kichwani. Kuna mguu unaolegea baada ya sindano ya kwinini kuchomwa mahali pabaya takoni, ikaumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka pajani. Halafu kuna polio. Virusi vya asili vya polio havijaonekana Kongo tangu Desemba 2011, lakini mwaka 2017 virusi vya aina ya pili vilivyotokana na chanjo viligunduliwa Haut-Lomami, na Februari 2018 serikali ikatangaza hali ya dharura ya afya. Virusi hivyo huzuka pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa: virusi dhaifu vya chanjo ya matone huzunguka muda mrefu kati ya watoto wasio na kinga hadi virudishe ukali. Kinga yake ni watoto wote kuchanjwa, si kuikimbia chanjo.

Hapo mtaalamu wa viungo anakuwa pia jicho la serikali. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla lazima aripotiwe, choo chake kichukuliwe mara mbili kwa tofauti ya saa 24 ndani ya siku 14 tangu kulegea, na sampuli zisafirishwe katika ubaridi hadi maabara ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, mjini Kinshasa. Siku ya 60 mtoto hupimwa tena kuona kama ulegevu umebaki. Mama huenda akampeleka mtoto moja kwa moja kwa mtaalamu wa viungo, akidhani ni mguu tu. Mtumishi mgeni asiyejua utaratibu huo ataanza kuukanda mguu, na siku 14 zitapita. Kwa hiyo, kumwingiza mtumishi mpya katika idara ya Kamina si suala la kumwonyesha kabati na funguo. Mafunzo ya kuripoti ulegevu wa ghafla yangepaswa kuwa somo lake la juma la kwanza.

Kwa jinsi vitabu vinavyoeleza, idara kamili ina daktari bingwa wa tiba ya viungo, mtaalamu wa mazoezi ambaye Kongo nzima humwita kine, mtaalamu wa shughuli za kila siku, mtaalamu wa usemi na umezaji, fundi wa miguu ya bandia na vifaa vya kushikilia viungo, muuguzi, na mhudumu wa jamii. Katika miji mingi ya Kongo iliyo mbali na Kinshasa na Lubumbashi, kine ndiye anayebeba kazi za wengi kati ya hao. Anapima nguvu za misuli, anamfundisha mgonjwa kuvaa shati kwa mkono mmoja, anamwonyesha mama namna ya kumlisha mtoto asipaliwe, anamwelekeza seremala urefu wa magongo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa urekebishaji, yaani wa tiba ya namna hii, hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja.

Makine wa Kongo husomea zaidi katika taasisi za juu za ufundi wa tiba, ISTM, ya Kinshasa ikiwa ndiyo mashuhuri. Madaktari bingwa hupitia Chuo Kikuu cha Kinshasa, chenye idara yake ya tiba ya viungo. Fundi wa miguu ya bandia ana njia nyembamba zaidi: kwa wanaosoma Kifaransa, Lomé nchini Togo ina shule inayofahamika; na kwa wanaosoma Kiingereza, chuo cha TATCOT kilichoanzishwa Moshi, Tanzania, mwaka 1981, kando ya hospitali ya KCMC, hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kijana wa Kamina anayetumwa huko anaondoka kwa miaka, na akirudi na cheti, miji mikubwa humtamani kabla hajafungua sanduku.

Malipo ndiyo kiini cha habari nyingi za kuingia na kutoka. Mtumishi wa afya wa serikali ya Kongo anahitaji namba ya matrikule, yaani ya utumishi, kisha jina lake liingie katika orodha ya mishahara, kisha apate primu, yaani marupurupu. Hatua hizo tatu hazifuatani haraka. Wapo wanaofanya kazi miaka mingi wakijulikana kama vitengo vipya, wakiishi kwa mgawo wa ada ambazo wagonjwa hulipa. Katika chumba cha upasuaji mgawo huo unaweza kuwa na maana. Katika tiba ya viungo, ambako mgonjwa maskini anatakiwa kurudi mara tatu kwa juma kwa miezi, ni kidogo, na kuuongeza ni kumfukuza mgonjwa. Kine aliyesajiliwa bila mshahara ni kine aliye njiani kuondoka. Tangazo la kupokelewa kwake lingekuwa la kweli zaidi kama lingetaja pia amefikia hatua ipi kati ya hizo tatu.

Ubaya wa kuondoka ghafla unaonekana vizuri kwa mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda. Njia ya daktari Ignacio Ponseti, aliyeiendeleza huko Iowa, Marekani, ni kunyoosha mguu taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila juma, kwa kawaida mara tano au sita, kisha mara nyingi kukata kano ya kisigino kwa tundu dogo, kisha plasta ya mwisho ya wiki tatu. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na usiku tu hadi afike miaka minne hivi. Gharama ni ndogo na matokeo ni mazuri mno. Lakini ni mkataba wa miaka minne kati ya mama na mtu mmoja anayemjua mtoto. Mtu huyo akihamia Lubumbashi baada ya plasta ya tatu bila kuandika alipofikia, mguu hurudi ulikotoka.

Nafasi tupu huzibwa kwa wanafunzi wa mazoezi ya kazi na kwa kuwafundisha wauguzi sehemu ya ujuzi. Njia hii ina historia ndefu Kongo. Wakati wa uhuru mwaka 1960 nchi haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo. Ilikuwa na wasaidizi wa tiba wenye uzoefu, na kundi lao lilipelekwa Ufaransa kumalizia udaktari. Muuguzi anaweza kujifunza kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, kumweka vizuri kitandani na kumkalisha mapema. Mpaka wake ni kupima na kuamua: mazoezi yapi, kwa nguvu gani, na lini kuacha. Mwanafunzi naye asihesabiwe kama mtumishi, kwani miezi yake ikiisha anaondoka na wagonjwa aliowazoea wanabaki.

Miguu ya bandia ina tatizo la ziada, umbali. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuza ufundi wa kutumia plastiki ya polipropilini, iliyo nyepesi, nafuu na isiyooza kwa unyevu, na vituo kama Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu vimefanya kazi kwa msaada wake. Lakini mguu wa bandia haununuliwi mara moja. Mtu mzima huhitaji mwingine baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mtoto anayekua baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kutoka Kamina hadi Lubumbashi kwa reli ni takriban kilomita 600, na garimoshi halina ratiba ya kutegemewa. Kumpata fundi mmoja Kamina, hata wa matengenezo na vipimo tu, kungewapunguzia watu safari nyingi kuliko kununua mashine yoyote mpya.

Sheria ipo. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na sheria ya Mei 3, 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Mwaka 2023 Baraza la Afya Duniani liliwataka wanachama kuingiza urekebishaji katika mipango yao ya afya na ya watumishi. Katika jimbo, utekelezaji unaangukia Divisheni ya Afya, ambayo hupanga nani anatumwa wapi kati ya zona 16.

Taarifa nzuri ya idara, ile ya kubandikwa ukutani au kusomwa redioni, inamhudumia mgonjwa kabla ya kumpongeza mtumishi. Inaeleza aliyefika amesomea nini na atapokea wagonjwa wa aina gani, siku zipi na kwa ada kiasi gani. Inaeleza anayeondoka au kustaafu amemkabidhi nani wagonjwa wake na madaftari yao, na mzazi mwenye mtoto wa plasta aende mlango upi Jumatatu. Inataja majina ya viongozi wa jamii wanaoshughulikia afya mitaani, kwa sababu hao ndio wanaomjua mtu aliyelala ndani tangu kiharusi. Na ikiwa nafasi bado haina mtu, inasema hivyo waziwazi, pamoja na jina la hospitali ya karibu inayoweza kusaidia kwa muda, iwe ya serikali au ya misheni kama ile ya Waadventista iliyoko Songa.