Otomatiki na Mlima wa Fizi

Leo tunasema na wenye pikapu za giaboksi otomatiki zinazovuta trela. Wenye gia za mkono, pumzikeni kidogo.

Baraka iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari. Fizi iko milimani. Ukipanda huko polepole na trela iliyojaa, mafuta ya giaboksi hupata moto sana, maana ndiyo yanayopitisha nguvu ya injini. Yakizidi nyuzi 120, huharibika upesi. Mafuta mazima kwa kawaida ni mekundu. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, usingoje.

Dawa ya joto hilo ni kufunga kipozeo cha ziada mbele ya rejeta, penye upepo. Mafuta yatoke giaboksi, yapite rejeta, kisha kipozeo, ndipo yarudi giaboksi. Mpira uwe wa kupitisha mafuta, si wa maji. Wa maji utapasuka, na barabara ya taifa namba 5 ya kwenda Fizi haina huruma. Kipozeo hakiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta. Muoneni fundi kabla ya masika, tope halijaanza.